Milimita mbili zilizopotea kwenye Peugeot

(Maneno haya niliyasema Dar es Salaam mbele ya wakusanyaji wenzangu wa magari ya mfano. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikiondoa tu pale nilipojirudia.)

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokuja na maboksi yenu kwapani, habari za mchana.

Nimekuja na vitu viwili. Cha kwanza ni hiki kigari, Peugeot 404, skeli ya 1:43, yaani gari halisi limepunguzwa mara 43. Cha pili ni tepu ya kupimia, ileile ninayotumia gereji. Wengi mnaijua kazi yangu: nanyoosha bodi na kupiga rangi, Ilala, na huu ni mwaka wa ishirini na sita. Mkono wangu umezoea kupita juu ya mlango kutafuta bonde ambalo jicho halijaliona. Nitakayosema leo yametoka kwenye mkono huo.

Kigari hiki nilikinunua kwa pesa nyingi. Aliyekitengeneza sitamtaja. Kwenye boksi pameandikwa kwamba ni gari la Safari Rally la mwaka 1967, na mimi kwa jina hilo tu moyo ulikwenda mbio. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na akarudia 1967, pembeni yake akiwa Chris Rothwell, mara zote mbili ndani ya 404. Nick Nowicki alikuwa amekwisha kushinda na 404 mwaka 1963, na akashinda tena 1968. Miaka hiyo miwili ya Nowicki, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mara. Saba! Mashindano yalikuwa ya Pasaka, mvua ya masika ikinyesha, njia ni udongo mweusi unaoshika tairi kama ulimbo. Gari lililotoka humo likiwa zima lilikuwa gari la kuheshimiwa, na ndiyo maana baba yangu, aliyeendesha 404 ya teksi hapa mjini, hakukubali mtu aiseme vibaya Pijo mbele yake.

Basi nikafungua boksi, nikakiweka kigari mezani, nikakiangalia. Kuna kitu kilikuwa hakiko sawa. Rangi nzuri. Namba za milangoni zimenyooka. Lakini kila nikikitazama naona gari la mtu mwingine.

Bahati nzuri gereji kwangu iko 404 ya mteja mmoja, nimeitoa kutu na bado sijaipiga rangi. Nikachukua tepu, nikaenda kuipima. Kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, milimita 2,650. Kutoka chini hadi juu ya paa, milimita 1,450. Ukigawa kwa 43 unapata milimita 61.6 za urefu kati ya magurudumu, na milimita 33.7 za kimo. Nikakipima kigari kwa kalipa, kile kipimo cha vitu vidogo. Magurudumu, sawasawa kabisa, hapo alipatia. Kimo, milimita 31.5.

Mtu atasema, fundi, milimita mbili hizo unazililia? Zizidishe basi. Milimita 31.5 mara 43 ni milimita 1,354. Gari limeshuka sentimita tisa na nusu. Mteja akiniletea 404 akataka niishushe kiasi hicho, itabidi nikate springi, na hata baada ya hapo haitafika Morogoro kwa barabara ya vumbi. Peugeot hizi zilipendwa huku kwa sababu tumbo lake lilikuwa juu na miguu yake mirefu ilimeza mashimo. Mtengenezaji ameichukua sifa yenyewe iliyoshinda Safari, ameifuta, halafu akaandika Safari ubavuni.

Nadhani najua ilivyotokea. Kalibu ya chuma, yaani umbo la kumiminia madini, ya kigari kimoja ni ghali, kwa hiyo kiwanda kinatengeneza kalibu moja na kuitumia kwa matoleo mengi: leo gari la nyumbani, kesho la polisi, keshokutwa la mashindano ya barafu Ulaya, mtondo la Safari. Kinachobadilika ni rangi na chapa. Hakuna aliyenyanyua bodi milimita mbili, hakuna aliyeweka mipira ya kuzuia tope nyuma ya tairi, kwa kuwa hakuna aliyeiangalia picha ya gari lenyewe kwa dakika tano.

Nimekusanya vigari miaka mingi, na kasoro ninazisamehe nyingi. Ninazozisamehe ni zile za kutoweza. Zile za kutoangalia, hapana. Nataka tujue kuzitofautisha, kwa sababu mara nyingi nasikia watu wanalalamikia kiwanda kwa jambo ambalo kiwanda hakiliwezi, na wanaacha kulalamikia lile ambalo kingeliweza kwa urahisi.

Chukueni rangi. Mimi nikimaliza gari, ukijumlisha praima, rangi na vanishi, unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, pengine zaidi kidogo. Unene huohuo ukipigwa juu ya kigari cha 1:64 ni sawa na milimita 6.4 juu ya gari halisi. Pati ya unene huo mimi nikiipaka kwenye mlango wa mteja, itapasuka. Ndiyo maana vigari vyenu vya 1:64 vinaonekana kama vimechovywa: nembo imezama, mistari ya madirisha imejaa. Rangi haikubali kupunguzwa mara 64 pamoja na gari.

Au chukueni mwanya wa mlango. Gari likinyooshwa vizuri, mwanya kati ya mlango na madigadi ni milimita nne au tano. Gawanya kwa 64, unapata sehemu saba za mia za milimita, wembamba wa unywele. Mwanya huo ukisubiwa, rangi itauziba. Kiwanda kinauchimba mpana zaidi, tuseme milimita 0.3, ili uonekane, na hapo tayari umekuwa milimita 19 kwenye gari halisi, kidole kinapita. Nguzo za kioo cha mbele nazo ni hivyohivyo. Magari ya zamani yalikuwa na nguzo nyembamba, nzuri sana, lakini madini ya kusubu yakifanywa membamba hivyo hayajai ndani ya kalibu au yanavunjika mkononi mwa mtoto. Nguzo ya milimita moja tu kwenye kigari ni sentimita 6.4 kwenye gari. Kwa hiyo vioo vinakuwa vidogo, paa linaonekana zito, na gari zima linaonekana limekunja uso.

Tena kuna kalibu yenyewe. Ni vipande vya chuma vinavyofungwa, zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi karibu 400 inasukumwa ndani kwa nguvu, inaganda, vipande vinafunguliwa, kigari kinatoka. Ili kitoke bila kukwaruzika, mbavu zake lazima zilale kidogo. Na kila kitu kinachopinda kuelekea ndani, kama ukingo wa chini ya bampa, kinahitaji kipande cha ziada cha kalibu kinachoteleza pembeni, na kila kipande ni pesa. Kigari cha bei ya soda mbili tatu hakiwezi kuwa navyo. Nikikiona kimenyooka ubavuni pale palipotakiwa kupinda, nakiacha. Hakuna aliyekosea.

Skeli nayo. Vijana, msidanganyike kwamba kila kigari kinacholingana na mkono wenu ni 1:64. Viwanda vikubwa vilianza na boksi, si na skeli. Matchbox ya kampuni ya Lesney ya London, iliyoanza kuuzwa mwaka 1953, ilichukua jina lake kutoka kwenye kiberiti, na kila gari lilitakiwa liingie kwenye kiboksi chake. Trekta likakuzwa, basi likafinywa. Tomica ya Japani, tangu 1970, nayo ina boksi la kipimo kimoja, ila hao nawaheshimu kwa jambo moja: chini ya kigari wanaandika skeli yake ya kweli, hii 1/60, ile 1/65, nyingine zaidi. Mnunuzi anajua anachokinunua. Kwenye Tomica sita za kwanza kabisa ilikuwamo Fairlady Z432, ndugu wa damu wa Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta. Ndiyo maana mzee wetu aliyekaa pale mbele hakubali kuiuza yake.

Wakati mwingine umbo linaharibiwa kwa makusudi, na sababu inaeleweka. Mwaka 1969 kampuni ya Mattel walitengeneza basi dogo la Volkswagen kwa ajili ya Hot Wheels, vigari vyao vya kukimbizwa, lenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi zikitokeza dirisha la nyuma. Lilikuwa jembamba kama basi lenyewe lilivyo. Walipolijaribu kwenye mashine yao ya kusukuma magari relini, likashindwa: jembamba, refu kwenda juu, linapinduka. Wakalipanua, wakalibandika mifuko mbavuni, na mbao zikahamia humo. Basi lililouzwa madukani si la kweli kwa umbo, lakini linakimbia, na lilitengenezwa ili mtoto alikimbize. Zile chache za majaribio za mwanzo ndizo wakusanyaji wanazitafuta kwa fedha za kununulia nyumba. Mtoto alipewa kitu cha mtoto. Sina neno na hilo.

Lakini hao Lesney mwaka huohuo, walipoona Hot Wheels zinawakimbia, walitoa magurudumu yao ya kasi, Superfast, wakayapachika kwenye bodi zilezile za zamani. Magari ya kawaida ya familia ya Uingereza yakapata magurudumu ya gari la mashindano. Hapo najua shida yao ilikuwa ya kibiashara, na mwaka 1982 kampuni ilifilisika, siwezi kuwasema sana. Ugonjwa ule ndio ulioturithisha tabia ya leo: kiwanda kina seti chache za ringi, na kila gari linavishwa mojawapo. Ringi za gari la michezo unazikuta kwenye pikapu ya shamba. Mimi nikikadiria makosa yote, la magurudumu ndilo linaloniuma kuliko mengine. Gari unalitambua kwanza kwa lilivyosimama. Mtoto wa mtaani analijua lori kwa tairi zake kabla hajaliona kichwa.

Nimesema mtoto wa mtaani, na hapa nitatoka kidogo kwenye mada. Wengi wenu wa umri wangu mlitengeneza magari ya waya. Tairi tulikata kwenye kandambili zilizokatika. Kumbukeni tulivyofanya: lori linapita, tunakimbia pembeni tukilitazama, tunarudi kukunja waya, haufanani, tunarudi barabarani kusubiri jingine. Hatukuwa na kalipa wala michoro. Lakini kijana wa mtaa wetu mmoja alikuwa akikunja waya, ukitokea mbali unajua hii ni Scania na ile ni Leyland, kwa sababu alikuwa anakaa chini na kuliangalia gari. Nikimlinganisha na mtu aliyelipwa mshahara, mwenye picha zote za dunia mezani kwake, akanitengenezea 404 iliyolala, moyo unaniuma kweli.

Nirudi. Kuna mambo madogo ambayo kwa kigari cha bei kubwa hayana udhuru. Taa za mbele: kile kinundu cheusi katikati ya taa ni kijiti cha plastiki cha kushikia kioo cha taa. Gari linaonekana limetoa macho. Waliotaka wamekwisha kupata njia ya kukificha, kwa hiyo aliyekiacha amekiacha tu. Usukani: gari la huku usukani uko kulia, na nimeona vigari vya Afrika Mashariki, vyenye namba zetu za usajili, usukani uko kushoto. Gundi iliyotoa ukungu kwenye kioo. Chapa ya mlangoni iliyopigwa imepinda: ile chapa inawekwa kwa mpira laini unaobeba wino na kuukandamiza juu ya bodi, na kigari kikikaa vibaya kwenye kishikio chake hata kwa nusu milimita, mstari wa mlango na mstari wa madigadi haukutani. Angalieni hapo kwanza mnapochagua dukani. Halafu kiwekeni kwenye kioo au kigae kilicho sawa, muone kama magurudumu yote manne yanagusa.

Kuna kasoro nyingine ambayo watu wanamlaumu mtengenezaji bure. Subaru Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae Safari ya 1997 ilikuwa na tarakimu za sigara, 555. Vigari vyake vingi vinakuja ubavu mtupu, kwa sababu sheria za matangazo ya tumbaku katika nchi nyingi zinakataza. Hapo mtengenezaji amefungwa mikono. Anayetaka ukweli anatafuta stika za kubandika mwenyewe, kwa maji na kibano.

Sasa niseme la ugonjwa wa zinki, na hapa naomba hata walio nje waingie.

Madini ya vigari hivi ni mchanganyiko wa zinki, na alumini kama asilimia 4, na magnesi kidogo sana, na katika aina nyingine shaba. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani iliutengeneza mwaka 1929, na mpaka leo tunauita zamak, herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya madini hayo. Ni mchanganyiko mzuri, mradi zinki iwe safi kabisa, 99.99 kwa mia. Yakiingia madini ya risasi hata chembe, kosa limekwisha kutendeka na hakuna anayeliona. Kigari kinatoka kizuri, kinapigwa rangi, kinauzwa. Miaka inapita. Ndani, kati ya punje na punje za madini, kutu inatambaa. Kigari kinavimba. Mlango uliokuwa ukifunga haufungi. Rangi inapata mistari kama kitako cha chungu cha zamani. Siku moja unakinyanyua kinabaki vipande mkononi.

Vigari vya Dinky Toys vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vilivyotengenezwa Liverpool na kampuni ya Meccano ya Frank Hornby, vingi vimekufa hivyo. Viwanda vya wakati ule vilirudisha chuma chakavu kwenye sufuria, na chakavu kikija na risasi, kundi zima limepata sumu. Msidhani ni habari ya mababu peke yao. Vimeonekana hata vya miaka hii yetu, kwa sababu ileile ya zinki chafu ya bei nafuu.

Unyevu na joto vinaharakisha, na sisi tunakaa pwani. Kabati lililo karibu na bahari, dirisha wazi, masika: hapo ndipo kigari chenye ugonjwa kinapokufa mapema. Dawa hakuna. Unaweza kuuchelewesha kwa kukiweka pakavu, pasipo joto, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu msivitupe. Na niwatoe hofu moja niliyoisikia hata leo asubuhi: hauambukizi. Kigari kigonjwa hakimuui jirani yake. Waliokufa pamoja walisubiwa kwenye sufuria moja.

Plastiki nayo ina magonjwa yake. Norev wa Ufaransa, ambao jina lao ni la mwenye kampuni, Véron, likisomwa kinyumenyume, miaka ya 1950 walitengeneza vigari vya plastiki vyenye umbo safi sana, na vingi leo vimejikunja kama jani kavu. Tairi laini za plastiki zinatoa mafuta yake polepole na kuyeyusha ringi au kitako zinapogusana. Vigari vyenye tairi hizo vifungueni, viwekwe juu ya kitu kinachonyanyua tairi zisiguse.

Kwa nini nimeyasema yote haya. Nimekwisha kumwandikia mtengenezaji wa hii 404. Sikumwandikia kwamba nimekasirika. Nimempelekea vipimo: hiki ndicho kimo cha gari, hiki ni cha kigari chako, tofauti ni hii, na picha za gari halisi likiwa limesimama sakafuni na tepu imenyoshwa pembeni. Mtu anaweza kuyabishia maoni yangu, lakini tepu haibishiwi. Nawaomba mfanye vivyo hivyo. Magari yaliyopita kwenye barabara zetu, wao hawayajui kama sisi. Wazee waliosimama kando ya njia kuyaona yakipita bado wako hai, wengine wako humu ndani. Picha ziko kwenye albamu zetu chini ya vitanda. Nani kwenye kiwanda cha mbali atajua tope lilikuwa linafika wapi kwenye mlango, au taa za ziada zilifungwa kwenye bampa kwa vyuma vya namna gani, kama sisi hatusemi?

Ile 404 itakuwa gereji mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Baada ya hapo naipiga rangi, na mwenyewe anakuja kuichukua. Atakayetaka kuipima aje na tepu na daftari, na kigari chake kama anacho. Nataka tupime upana wa paa, urefu wa yale mapezi ya nyuma, na umbali wa bampa kutoka ardhini, upande wa kulia na wa kushoto, kwa sababu springi moja ya nyuma imechoka na sitaki tuandike kosa hilo kama ukweli.